Kikwembe cha Miavuli

Kama kuna neno moja la uongo katika haya nitakayoeleza, Lualaba igeuke irudi ilikotoka, na mke wangu Émilienne ashinde siku nzima bila kunisahihisha. Mambo hayo mawili hayajawahi kuonekana hapa Kindu. Kwa hiyo, msomaji, tulia: unasoma ukweli mtupu.

Kwa wale waliofungia maandazi gazeti la juma lililopita, nawakumbusha. Mimi ni Papa Mardochée wa Mikelenge, mstaafu wa reli, msomi niliyejisomesha mwenyewe kwa karatasi za kufungia chumvi. Binti yangu Bénie amechumbiwa na Joël, kijana wa watu wa Lokandu. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yamekwama. Msemaji wao, Blanchard, baba mdogo wa Joël, alikuwa amekaa mbele yangu amekunja uso kama mtu aliyeazima viatu vya mdogo wake.

Ndipo nikatoa silaha yangu. Nikasema kwamba wakati wa vita, mzee Nestor, babu yake Joël na rafiki yangu wa reli, alipokufa kule Lokandu, ni mimi niliyetoka Kindu kwa miguu kwenda kumzika.

Blanchard alilia. Alinikumbatia mpaka kalamu yangu ikavunjika mfukoni. Akatangaza mbele ya familia zote mbili:

"Muntu alimuzika baba yetu, njo ye atatuvalisha siku ya arusi!"

Mgeni asiyejua mambo yetu atauliza: basi, kuvalisha ni nini? Ndugu yangu, kwetu arusi si arusi kama familia mbili hazijavaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja. Na yule anayechagua kitambaa, siku hiyo ni mfalme. Anawavalisha mashangazi. Anamvalisha mama mkwe. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya rangi ya kijani, na watu waliokuwa wamekubaliana juu ya mbuzi wote wakashindwa kukubaliana juu ya maua.

Nikaenda mtaa wa Kasuku, dukani kwa Hamadi.

Sasa, mimi nina elimu ya nguo. Wengine wanasoma vitabu, mimi nasoma mashati. Wakati wa vita kila mtu hapa alivaa umaskini. Mwenye suti aliizika ndani ya pipa chini ya mihogo, akatoka na matambara, ili masoda, yaani askari, wamwone hana kitu. Namjua mfanyabiashara aliyejitobolea suruali kwa msumari wa moto, tena kwa mpango, goti hili, halafu goti lile. Amani iliporudi, huyohuyo akavaa miwani mbili: moja machoni, moja kichwani.

Mtu havai alivyo, msomaji. Anavaa anachoogopa.

Nilimweleza Hamadi haya tukiwa tumekaa mlangoni pake, tukiangalia barabara. Kijana wa taksi-moto akapita, amevaa koti zito lenye manyoya shingoni, jua la saa sita, jasho linamchuruzika.

"Huyu anaogopa nini?" Hamadi akauliza.

"Anaogopa kuonekana hajawahi kufika Ulaya."

Akapita bwana mmoja wa shirika la misaada, kizibao chake kina mifuko mbele, mifuko nyuma, mifuko juu ya mifuko.

"Na huyu?"

"Huyu nilimwomba kalamu juzi. Mifuko yote ile, kalamu hana."

Akapita mgombea wa uchaguzi ndani ya suti mpya, lebo ya duka bado imeshonwa kwenye mkono. Vingine vinajisema vyenyewe.

"Na kanzu yangu mie, Papa Mardochée? Inasema nini?"

"Inasema hutaki muntu ajue namna gani umenenepa."

"Mungu atakuhukumu," Hamadi akasema, huku anacheka na kuvuta kanzu tumboni. "Haya, sema, unataka kitambaa gani?"

Nikainua macho. Kule juu kabisa, chini ya bati, kulikuwa na balo la kitambaa ambalo hakuna aliyeligusa. Kikwembe cha manjano, kimejaa miavuli myekundu, mikubwa kama sahani, imefunguka yote.

"Nishushie ile."

Hamadi akasita. "Ile ya miavuli? Papa, ile iko pale tangu zamani. Wamama wa Lokandu wakikiona, wanageuza uso, wanapita. Hata ukiwapa bure hawashiki."

"Kwa nini?"

"Sikuulizaka. Mie nauza, siulizi."

"Basi mie nitakuambia. Wale ni watu wa samaki. Jicho lao lilizoea rangi ya matope. Mwavuli ni heshima, Hamadi! Muntu mwenye mwavuli ni muntu wa ofisi. Nitawafundisha kusapa, kuvaa kama mabwana."

Nikachukua balo zima.

Mafundi wa mtaa wetu wakashona mchana kutwa. Miavuli ikageuka mashati, ikageuka libaya, blauzi za wanawake za mikono mipana. Blanchard alipojaribu shati lake alijizungusha mbele ya kioo mpaka nikaogopa atadondoka. "Mukwe," akaniambia, "weye uko na jicho." Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Sina unyenyekevu, lakini unanipendeza.

Zikiwa zimebaki siku mbili tu, mashua kutoka Lokandu ikafika na wanawake wa upande wao, vikapu vya samaki wa moshi vichwani. Mbele yao alitembea mama wa Blanchard, mjane wa marehemu Nestor. Kila mtu anamwita Koko Malaika, yaani Bibi Malaika. Hakuwa amehudhuria mazungumzo ya mahari, maana miguu inamsumbua, na tena hayo, alisema, ni makelele ya wanaume.

Tukawakalisha uani kwetu. Émilienne, mke wangu, akaleta libaya ya Koko, imepigwa pasi, akamwekea mapajani.

Wanawake wa Lokandu wakageuza uso. Wote. Mmoja aliyekuwa ameshika upindo wa kitambaa akauachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

Koko Malaika akauliza polepole: "Nani alichagua hii?"

"Njo Papa Mardochée, mama!" Blanchard akajibu, kifua mbele, miavuli yake ikimeremeta. "Yule alimuzika baba."

"Alimuzika nani?"

"Baba. Alitoka huku Kindu na miguu, mu vita."

Koko akaniangalia. Yeye alikuwa amevaa kikwembe kilichopauka na kitambaa cheupe kichwani, bila hereni, bila mkufu. Mimi na elimu yangu yote sikuweza kusoma hata herufi moja.

"Ah, mukwe," akasema. "Karibu hapa karibu. Mie nimezeeka, ninasahau. Unieleze namna ilikuwa."

Mtu mwenye akili angekohoa. Angeomba maji. Angeanguka kutoka kitini akazimia. Mimi nilisimama.

"Koko," nikaanza, "siku ile nilivaa nguo tatu, moja juu ya nyingine. Juu kabisa, matambara, kwa bariere ya waasi mu njia. Chini yake, magome ya miti na majani, kwa bariere ya mai-mai, wapiganaji wa pori, waseme: huyu njo ndugu yetu. Na ndani kabisa, kostime yangu nyeusi, suti kamili, kwa heshima ya marehemu."

"Na jua ile yote?"

"Jua ilikuwa kali, Koko. Lakini upendo iko na kivuli yake."

Nilipenda sentensi hiyo. Nikatazama kama kuna mtu anayeiandika.

"Endelea," Koko akasema.

"Kila bariere nikivuka, ninavua moja. Nilipofika kwenu nilibaki na kostime tu, safi, kama nimetoka misa."

"Na siye? Siye tulivaa nini?"

"Nyeusi, Koko! Wote nyeusi tupu. Nikasema mu moyo: hii familia inajua kulia."

Blanchard akatikisa kichwa kukubali, macho yameanza kuloa.

"Na sanduku?"

"Mbao ya muvule, Koko. Misumari nilipiga mimi mwenyewe."

"Na kaburi?"

"Siye wanaume tulipokezana jembe. Udongo ilikuwa mugumu! Ngoja nikuoneshe mikono..."

"Wanaume," Koko Malaika akasema. Akawageukia wenzake. "Munasikia? Kulikuwa wanaume."

Wanawake wa Lokandu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha arusi, msomaji. Kilikuwa kicheko kinachokuja na mate.

"Baba Bénie," Koko akaniambia, sauti yake chini kabisa, "ile siku Lokandu hakukuwa mwanaume hata mumoja. Masoda walikamata kila mwenye suruali, wanamubebesha masanduku ya risasi, harudi. Wanaume wote walikuwa mu pori. Kaburi ya bwana yangu tulichimba siye hawa unaona. Na majembe ya mihogo. Mbao hakukuwa. Nyeusi hakukuwa. Kulikuwa balo moja tu ya vikwembe, mwenye duka alikimbia akaiacha. Njo ile tulimufungia bwana yangu. Iliyobaki tukavaa siye, ili tufanane kama watu."

Akaweka kidole juu ya mwavuli mmoja.

"Hii. Tangu ile siku, hakuna mwanamuke wa Lokandu anavaa hii. Ulituletea sanda mu arusi ya mutoto."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee. Yangu ilikuwa imeenda Lokandu na kurudi, kwa hiyo nilidhani nimewashinda wazee.

"Koko," nikasema, "labda mie nilikuwa kwa kilio ya Nestor mwingine."

Blanchard alivua shati palepale. Hakufungua vifungo, alivikata. Kimoja kiliruka kikaingia kwenye sufuria ya wali.

"Arusi hakuna!" akapiga kelele, tumbo wazi. "Muongo huyu! Nilimukumbatia! Nilimulilia mu bega! Arusi hakuna!"

Hapo Bénie akatokea mlangoni. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa tayari kwa arusi, nusu nyingine imesimama kama aliyeona jini, na msusi nyuma yake bado ameshika uzi. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Papa, sema. Ulikuwa wapi?"

"Mwanangu, vita ni kitu kikubwa, vita haina..."

"Papa. Ulikuwa wapi?"

Nikamgeukia Émilienne kwa macho ya kuomba. Tumeishi pamoja miaka mingi. Mke mwema humsitiri mumewe, nimeandika hivyo mara nyingi katika ukurasa huu. Nadhani hausomi.

Émilienne akapangusa mikono kwenye kikwembe chake.

"Alikuwa mu jiko yangu," akasema. "Alivaa libaya yangu, na kitambaa mu kichwa, na kikwembe mu kiuno. Habari ya Papa Nestor ilifika, mie nikamuambia: huyu ni rafiki yako, twende, hata usiku tutatembea. Akasema mama wa nyumba haachaki moto. Masoda wakiingia, ye anainama anatwanga sombe, majani ya mihogo. Soda mumoja alimuita shangazi. Alikula sahani mbili."

"Tatu," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo wangu unapenda usahihi wakati usiofaa.

Jirani zetu, waliokuwa wamejipanga juu ya ukuta kama kunguru, walicheka mpaka mmoja akaangukia upande wetu. Wanawake wa Lokandu walipigana viganja. Na ieleweke kwamba hakuna hata mmoja, katika kelele ile yote, aliyekumbuka kusema kwamba kazi ya kubeba masanduku ya risasi iliua watu, na kwamba libaya ile ya maua ya zambarau ilinikaa vizuri mabegani. Haki haikutendeka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Blanchard. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, machozi yanamtoka.

"Shangazi!" anasema. "Shangazi Mardochée!"

"We Blanchard," mama yake akaita. "Unacheka nini?"

"Mama, si unasikia, alivaa..."

"Nimesikia. We ulikuwa wapi?"

Kicheko kikamkwama kama mwiba wa samaki.

"Mama, unajua. Nilikuwa Pangi. Mu mashimo ya mawe, kuchimba madini."

"Njo vile. Mwenzako alivaa libaya, akabaki karibu ya bibi yake na watoto. We ulivaa suruali, ukakimbia mbali. Tulituma habari kwako, baba yako alikuita mpaka sauti ikaisha. Sasa unioneshe mwanaume njo nani."

Blanchard akatafuta shati lake chini, akajifunika nalo kifua kama msichana aliyekutwa mtoni. Hapo nikaelewa kwa nini alilia vile siku ya mahari. Alikuwa anatafuta mtu yeyote, hata mwongo, aliyekuwepo kwa niaba yake. Mimi nilimuuzia mtu huyo kwa maneno, na yeye akamnunua bila kumgeuza upande wa pili aone mshono.

Nilitaka kumwambia hivyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikanyamaza.

Koko Malaika akapiga fimbo chini.

"Sikieni. Mutoto hana kosa. Bénie nimemupenda. Lakini ile kilio haikwisha, kwa sababu wanaume hawakufika. Mukwe, weye ulisema ulilia. Sasa utalia. Utavaa hii libaya uliyochagua na jicho yako, utakaa mu mukeka katikati ya hawa walichimba, utamulilia bwana yangu kama mwanamuke wa Lokandu. Na machozi. Ukiisha, tunavua hii miavuli, kila muntu anavaa nguo yake, tunaoza mutoto. Ukishindwa, tunarudi na mashua yetu na Joël wetu."

"Na mbuzi ya faini?" akauliza Blanchard, ambaye hata katika aibu hasahau mambo ya msingi.

"Na mbuzi. Na we utakaa kando yake."

Wakanivalisha. Hawakupata libaya ya kipimo changu, kwa hiyo nikapewa ile ya miavuli ya Émilienne, mikono imevimba kama maboga mawili. Mke wangu mwenyewe alinifunga kitambaa kichwani, haraka, bila kukosea, kama mtu anayerudia kazi aliyoifanya zamani. Alikaza fundo kuliko ilivyohitajika. Mbuzi wangu wa pekee akafunguliwa nyuma ya nyumba akapitishwa mbele yangu. Aliniangalia, hakunitambua.

Nikakaa mkekani. Blanchard kando yangu, libaya imembana makwapani, hawezi hata kushusha mikono. Wanawake wakatuzunguka. Mmoja akaanzisha wimbo wa kilio wa kwao, taratibu, wengine wakaupokea.

Nilimwambia Blanchard kwa pembe ya mdomo: "Tutoe sauti kubwa tu, mambo yataisha."

Blanchard alikuwa ameanza zamani. Alilia bila sauti, mabega yanaruka, kamasi zinashuka juu ya miavuli, anasema "baba, baba, nilisikia, nilisikia unaniita." Koko Malaika akamwekea mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu.

"Simama, mwanangu," akasema. "Imetosha. Amekusikia."

Blanchard akaondoka mkekani. Mkeka ukawa mpana.

Wote wakanigeukia.

Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka, msomaji, sauti safi, ya mtu aliyeimba kwaya. Ilipanda, ikashuka, ikatetemeka mahali pa kutetemeka. Nilimtaja Nestor kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa stesheni zote za reli tulizofanya kazi pamoja. Juu ya ukuta mtu mmoja alianza kupiga makofi, akazuiwa.

Koko akainama, akapitisha kidole kwenye shavu langu, kutoka jichoni mpaka kidevuni. Akakiinua, akawaonyesha wenzake.

"Sauti iko," akasema. "Maji hakuna."

Nikajaribu tena. Nikafikiria mbuzi. Nikafikiria kifo changu mwenyewe, ambacho kwa kawaida kinanisikitisha sana. Macho yakabaki makavu kama kiberiti.

Koko Malaika akaomba kigoda. Akakaa mbele yangu, uso kwa uso, fimbo magotini, kama mtu anayesubiri mvua ambayo hana haraka nayo. Halafu, bila kugeuza kichwa, akaita mlangoni:

"Bénie, mutoto wangu. Muambie anayekusuka afungue nywele kwanza. Baba yako angali hajalia."

Binti yangu akaniangalia. Kisha akakaa chini kizingitini, akainamisha kichwa, na nikasikia kitana kikiingia kwenye msuko wa kwanza.